Tovuti yangu ina miezi 8 na Google hainioni kabisa, ninunue linki au nianzie wapi?

fundi_mishono

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo maana nimefika mahali sijui niendelee au niache. Nina biashara ndogo ya kutengeneza vyerehani na kuuza spea zake, tuko wawili tu, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Miezi 8 iliyopita nikasema na mimi niwe na tovuti, nikamtafuta mtu akanitengenezea kwa WordPress, ule mfumo wa kujengea tovuti, kwa macho ni nzuri kweli, ina picha kubwa ya cherehani pale juu, imeandikwa Karibu kwenye tovuti yetu, chini yake kuna bango lenye huduma zote na namba ya simu, halafu kuna ukurasa wa kuhusu sisi na wa mawasiliano. Basi. Tangu iwe hewani sijapata hata simu moja ya mtu aliyesema nimekuona Google. Wateja wangu ni wale wale wanaoelekezwa na wenzao.

Sasa wiki iliyopita kuna mtu kanitumia ujumbe ana kifurushi cha linki 1,000, yaani viungo kwenye tovuti nyingine vya kumleta mtu kwangu, anasema akiziweka nakuwa namba moja ndani ya siku 14 na dhamana anatoa. Hela anayotaka ni ya spea za mwezi mzima kwangu, lakini kama kweli inafanya kazi niko tayari kujibana. Mwingine ananiambia tovuti zimepitwa na wakati nihamie Facebook na Instagram moja kwa moja. Mwingine anasema lipia matangazo. Kila mtu ana lake.

Ninachoomba kujua ni hiki, kwa mtu ambaye sio mtaalamu na mchana kutwa mikono ina grisi, nianze na kipi? Na hizo linki ninunue au nisinunue?

mjenzi_wa_kurasa

Mkuu usilipe chochote kwanza. Mtu anayekupa dhamana ya namba moja mkimbie, Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, sasa huyo dhamana kaitoa wapi?

Kabla hatujafika kwenye linki wala matangazo kuna swali dogo ambalo wengi hawalijibu, je Google inajua kwamba tovuti yako ipo? Manake miezi 8 bila hata mtu mmoja sio suala la kuwa ukurasa wa pili au wa tano, hiyo inanipa wasiwasi kwamba haumo kabisa. Fanya hivi sasa hivi, fungua Google andika site: halafu bila kuacha nafasi andika domeini yako, yaani jina la tovuti, bonyeza tafuta. Ikileta kurasa zako sawa tutaendelea, isipoleta kitu rudi hapa utuambie. Na ukiweza ingia kwenye paneli ya WordPress, nenda kwenye mipangilio, sehemu ile ya usomaji, chini kabisa kuna kiboksi kinachoziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii. Angalia kama kina tiki.

fundi_mishono

Nimefanya. Haijaleta hata ukurasa mmoja. Nimeingia kwenye mipangilio kama ulivyoelekeza na kile kiboksi KINA TIKI. Yaani miezi 8 yote nimeilipia domeini na hosti inayoihifadhi, nimechapisha na kadi zenye anwani yake, kumbe mlangoni pameandikwa msiingie. Imeniuma sana.

mjenzi_wa_kurasa

Pole sana, na hauko peke yako, hili nimeshalikuta kwenye tovuti nyingi. Mara nyingi wala sio ubaya wa mtu, dizaina anakiweka kile kiboksi wakati anajenga ili kazi ambayo haijaisha isionekane kwa watu, akishamaliza anakabidhi na anasahau kukitoa. Kile kiboksi kinaweka kwenye kila ukurasa neno noindex, yaani usiorodheshe, na Google ikilikuta inatii, haiulizi mara mbili.

Toa tiki, hifadhi. Halafu fungua akaunti ya Google Search Console, chombo cha kukuonyesha Google inavyoiona tovuti yako, ni bure, watakutaka uthibitishe kwamba tovuti ni yako, njia nzuri ni ile ya kuweka mstari mmoja kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini, ukishindwa watu wa hosti wanakuwekea kwa dakika chache. Ukishaingia peleka ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako, WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 inaitengeneza yenyewe, ipo kwenye domeini yako ukimalizia na /wp-sitemap.xml. Halafu chukua anwani ya ukurasa wa mwanzo uiweke kwenye kile kisanduku cha ukaguzi juu kabisa, uombe iorodheshwe. Baada ya hapo kaa utulie, inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, kuomba mara kumi kwa siku hakuharakishi kitu.

Na ujue, kuingia kwenye orodha ni jambo moja na kupata nafasi ni jambo lingine kabisa. Hapo ndo kazi yenyewe inaanza.

dada_wa_maneno

Naomba niingilie hapo kwenye kazi yenyewe maana nimesoma maelezo ya fundi na kuna kitu kimenigusa. Kaka, ukurasa wako wa mwanzo unasema Karibu kwenye tovuti yetu. Hebu niambie ni mteja gani duniani anaamka usiku cherehani imegoma anaandika Google "karibu kwenye tovuti yetu"? Hakuna. Sasa swali langu kwako ni moja, mteja akikupigia simu, sentensi yake ya kwanza inakuwaje? Sio wewe unaiitaje hiyo kazi, yeye anasemaje? Andika hapa kama kumi hivi za wiki hii, usizipambe, kama zilivyotoka mdomoni.

fundi_mishono

Sawa dada, hizi ni za wiki hii na iliyopita.

Cherehani inaruka mishono. Cherehani inakata uzi kila saa. Uzi unajikusanya chini ya kitambaa. Cherehani imekuwa nzito kuzungusha. Sindano zinavunjika. Kitambaa hakisogei. Inapiga kelele. Nataka mkanda wa cherehani ya miguu. Nataka mota nibadilishe ya miguu iwe ya umeme. Bobini zangu haziingii, ninunue zipi?

dada_wa_maneno

Umeona? Hapo una tovuti nzima na hujaandika hata mstari. Kwenye bango lako nina uhakika imeandikwa "ukarabati na matengenezo ya mashine za ushonaji za aina zote", kumbe hakuna hata mmoja kati ya hao kumi aliyetumia neno ukarabati. Mteja hajui kama anataka ukarabati, anachojua ni kwamba uzi unajikusanya chini na kesho kuna nguo ya watu inatakiwa. Hilo ndo analoandika kwenye simu, tena kwa maneno hayo hayo.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua tatizo moja, tengeneza ukurasa mmoja. Usianze na yote kumi, anza na lile unaloulizwa sana kuliko yote. Tuseme ni hilo la uzi kujikusanya chini. Kichwa cha ukurasa, yaani ile title inayoonekana kwenye Google kama mstari wa bluu, iwe kitu kama "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa? Sababu na dawa yake", halafu jina la biashara yako mwishoni. Jaribu isizidi herufi 60 hivi kabla ya jina, ikirefuka Google inaikata na mtu haoni mwisho wake. Halafu aya ya kwanza ijibu papo hapo, usianze na historia ya cherehani tangu zivumbuliwe. Wewe ndo fundi, jibu ni lipi?

fundi_mishono

Kwa hilo mara nyingi sana sio chini kunakosumbua, ni juu. Watu wanahangaika na bobini siku nzima kumbe uzi wa juu haujakaa kwenye visahani vya kukazia uzi. Na sababu inakuwa mtu kapitisha uzi huku mguu wa kukandamizia kitambaa ameushusha, ukiushusha vile visahani vinabana, uzi unapita juu juu hauingii katikati. Unatakiwa unyanyue mguu kwanza, upitishe uzi upya wote kuanzia mwanzo, halafu ushushe ndo ushone. Mara nyingi hapo inakuwa imeisha.

dada_wa_maneno

HAYO MANENO ULIYOYAANDIKA SASA HIVI YANAKILI YAWEKE KWENYE UKURASA. Usiyabadilishe yakawa ya kiofisi. Mimi sio fundi na nimeelewa, na nimekuamini, na kama ingegoma baada ya hapo ningekupigia wewe na sio mtu mwingine. Ongeza picha mbili ulizopiga mwenyewe, moja mguu ukiwa juu uzi umezama kwenye visahani, nyingine uzi umepita pembeni, halafu chini andika ukifanya hivi na bado inajikusanya basi inawezekana shida ni kubwa zaidi, tupigie.

Najua kuna anayejiuliza, sasa nikimwambia mteja siri si atajitengenezea mwenyewe asije? Wapo watakaojitengenezea ndiyo. Lakini hao ndo watakaowaambia wenzao, na siku cherehani ikigoma kweli wanajua nani anaijua kazi. Google mwaka 2022 waliongeza neno uzoefu kwenye mwongozo wanaowapa wale watu wao wanaokagua ubora wa matokeo, wanaangalia kama aliyeandika kitu amekifanya kwa mikono yake. Wewe unacho hicho. Wanaouza makala za kunakili hawana.

Na kuna kitu kinaitwa meta keywords, orodha ya maneno inayofichwa ndani ya ukurasa, ambacho utaambiwa ujaze maneno 50, usipoteze muda, Google walitangaza 2009 kwamba hawakitumii kupanga matokeo. Yale maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa yaandike, hayakupandishi nafasi lakini ndo yanamshawishi mtu abofye, ingawa Google nao wakati mwingine wanaweka ya kwao wakiona yanafaa zaidi.

Jambo lingine ni maneno yenyewe. Kuna anayesema cherehani, kuna anayesema mashine ya kushonea, kuna anayeandika spea na kuna anayeandika vipuri. Tumia yote kwa namna ya kawaida ndani ya maelezo, kama unavyoongea. Ila usirudie neno moja mara ishirini kwenye aya moja, hiyo ilikuwa mbinu ya zamani, siku hizi inakuharibia na msomaji anachoka.

posti_kila_siku

Mimi niseme ukweli kutoka moyoni, hayo yote mazuri ila yanachukua muda. Mimi biashara yangu haina tovuti na nauza kila siku kupitia Instagram na WhatsApp. Fundi chukua simu, rekodi video ya dakika moja ukirekebisha hicho hicho cha uzi, pandisha leo, kesho una wateja. Tovuti utaijenga ukipata nafasi.

dada_wa_maneno

Hapo kwenye video nakubaliana na wewe kabisa, tena video hiyo hiyo aiweke na kwenye ukurasa wa tovuti. Tunapopishana ni hapa, posti ya Instagram inaishi siku mbili tatu halafu inazama, na inamfikia mtu ambaye wakati huo cherehani yake ni nzima kabisa. Ukurasa wa Google unamfikia mtu saa ile ile uzi umejikusanya, na utaendelea kumfikia mwakani. Halafu akaunti ya mitandao sio yako, ikifungiwa kesho kwa kosa hata usilolijua unaanza upya bila hata namba za wateja wako. Domeini ni yako. Kwa hiyo afanye vyote, ila nyumba iwe tovuti na mitandao iwe njia za kuelekea kwake.

kasi_kwanza

Fundi nimefungua tovuti yako kwenye simu, ulinitumia anwani inbox asante. Naomba niseme mawili.

La kwanza, ile picha ya juu. Nimeiangalia, ina upana wa pikseli zaidi ya 4,000 na uzito wa karibu MB 6. Simu ya mteja haina upana huo hata nusu. Kwa hiyo mtu mwenye mtandao wa kusuasua anakaa anaangalia weupe, anaona huyu hayupo, anarudi nyuma anafungua mwingine. Google wana kipimo wanasema kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinatakiwa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, yako imechukua 11 kwenye PageSpeed Insights, chombo chao cha kupima kasi. Dawa yake wala sio ngumu, punguza picha iwe na upana wa pikseli kama 1,200, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, itashuka hadi chini ya KB 200 na kwa macho hutaona tofauti. Fanya hivyo kwa picha zote. Na ukipiga hizo mpya zipe majina ya maana, uzi-kwenye-visahani badala ya IMG na tarakimu, halafu kwenye ile sehemu ya maelezo ya picha andika kinachoonekana, kinamsaidia asiyeona anayesomewa na simu na kinaisaidia Google pia.

La pili ndo limeniuma zaidi. Lile bango. Huduma zako zote na namba yako ya simu vipo NDANI YA PICHA. Nimejaribu kubonyeza namba nikupigie, haibonyezeki. Nimejaribu kuinakili, hainakiliki. Ilibidi nichukue kalamu niandike pembeni ndo nipige. Wangapi watachukua kalamu? Halafu maandishi yaliyo ndani ya picha usiyategemee kwa Google, inataka maandishi ya kawaida. Toa bango, andika huduma kwa maneno, namba ya simu iweke kama linki inayoanza na tel: ili mtu akigusa inapiga hapo hapo, na pembeni yake weka ya WhatsApp. Iwe juu kwenye kila ukurasa sio kwenye mawasiliano tu.

Na kila unachobadilisha kiangalie kwenye simu, usiangalie kwenye kompyuta ya dizaina. Google wenyewe siku hizi wanaisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu.

fundi_mishono

Bango nimelitoa jana usiku, namba sasa inabonyezeka, nimejaribu kwa simu tatu. Picha kijana wangu anazipunguza. Asanteni sana kwa kweli, mnanifundisha kama mnalipwa.

Nina maswali mawili yamebaki. Yule wa linki 1,000 kanipunguzia bei nusu, bado nisinunue? Na kuna rafiki yangu anasema niitumie akili bandia iniandikie makala 200 kwa siku moja nizipandishe zote, Google ione tovuti ni kubwa.

mzee_wa_linki

Huwa sichangii sana humu ila hili la linki nitalisema maana lilinipitia mwilini.

Chanzo chake ni hiki. Google ilipoanza, wale vijana wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, mwaka 1998 walikuja na wazo kwamba linki kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura ya anayeheshimika ina uzito zaidi. Wazo zuri sana na mpaka leo linki zina maana. Lakini watu wakaona kumbe kura inanunulika, likazuka soko zima. Mimi nilikuwa na tovuti ya vifaa vya ofisini, nikanunua linki kwa maelfu, nikapanda kweli, nikawa wa tatu, nikaajiri watu wawili kwa ajili ya oda zilizokuwa zinaingia. Aprili 2012 Google wakaleta lile badiliko lililoitwa Penguin. Niliamka asubuhi nikafungua kompyuta, oda hamna. Nikadhani mtandao umekatika. Nikatafuta jina langu kwa maneno yale yale, ukurasa wa kwanza sipo, wa tano sipo, wa kumi sipo. Wale watu wawili niliwaachisha kazi ndani ya mwezi ule, na nilikaa zaidi ya mwaka naandikia wenye tovuti mmoja mmoja nikiwaomba waondoe linki ambazo niliwalipa waziweke.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo, tangu 2016 Penguin iko ndani ya mfumo wenyewe na mara nyingi linki za hovyo zinapuuzwa tu badala ya kukushusha, lakini kununua linki ili upande bado ni kinyume na sera zao na ukikamatwa na mkaguzi wa kibinadamu adhabu ipo. Kwa hiyo hali nzuri kabisa ni kwamba hela yako imeenda bure. Hali mbaya nimekusimulia. Usinunue fundi, hata akikupa kwa robo.

Linki zako zipo karibu na wewe. Anayekuuzia spea kwa jumla ana tovuti? Mwombe akuorodheshe kwenye ukurasa wa mafundi anaowahudumia. Chuo cha ushonaji kinachokuletea vyerehani vyake, wape ule ukurasa wa uzi kujikusanya wawawekee wanafunzi wao. Linki tano za namna hiyo zina thamani kuliko hizo 1,000 zinazotoka kwenye tovuti za kamari na dawa ambazo hakuna binadamu anazisoma.

mjenzi_wa_kurasa

Mzee amemaliza kwenye linki, mimi nijibu hilo la makala 200. Kutumia akili bandia kukusaidia kupanga maneno sio kosa, Google hawajakataza. Kilichokatazwa, na Machi 2024 wamekiweka wazi kwenye sera zao, ni kuzalisha kurasa lukuki kwa lengo la kupanda tu bila kumsaidia msomaji, haijalishi umeandika kwa mashine au kwa mkono. Makala 200 kwa siku moja za cherehani wewe mwenyewe hutazisoma, sasa je ikiandika kitu cha uongo mtu akaharibu mashine yake kwa jina lako? Kurasa kumi za kwako zinatosha kabisa.

Kitu ambacho hakijasemwa na ni cha muhimu kwako wewe mwenye karakana watu wanakuja, ni wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea kwenye ramani. Ni bure. Jina weka la biashara kama lilivyo kwenye kibao chako, usiongeze maneno kama "fundi bora nafuu karibu nami", unaweza kusimamishwa. Chagua aina ya biashara sahihi, weka saa unazofungua za kweli, weka picha za karakana kwa ndani na kwa nje ili mtu akifika aitambue. Google wanasema matokeo ya ramani wanayapanga kwa mambo matatu, unavyohusiana na kilichotafutwa, umbali, na unavyojulikana, na kwenye kujulikana maoni ya wateja yana nafasi yake. Mteja akichukua cherehani yake na amefurahi, mtumie linki ya kuandika maoni hapo hapo kabla hajaondoka. Usimpe punguzo ili akusifu, hairuhusiwi. Na akija mwenye lawama mjibu kwa heshima, wanaosoma baadaye wanaangalia ulivyojibu kuliko alivyolalamika.

Matangazo ya kulipia yaache kwanza mpaka kurasa zikae sawa, ukimlipia mtu aje kwenye ukurasa wa sekunde 11 unalipia aondoke. Na ujue matangazo hayapandishi nafasi yako kwenye matokeo ya kawaida, ni foleni mbili tofauti. Siku ukiamua kuyajaribu weka na orodha ya maneno usiyoyataka, wewe unatengeneza, hutaki kulipia mtu anayetafuta "picha za cherehani" au "nafasi za kazi ya ushonaji".

Uvumilivu pia unahitajika. Miezi 4 hadi mwaka mmoja ndo muda ambao watu wa Google wenyewe walishawahi kuutaja ili kazi hii ionekane. Nunua daftari weka pale mezani, kila mteja mpya muulize umetupataje, andika.

fundi_mishono

Wakuu nimerudi, zimepita wiki 7 nikasema sio vizuri kupokea msaada halafu nikae kimya.

Linki sikununua. Kurasa zimefika sita, nimeziandika usiku baada ya kufunga, kijana anapiga picha mimi naelekeza. Search Console inaonyesha kurasa zote zimeingia. Kwa mwezi huu tumeonekana kwenye utafutaji mara 900 na kitu na waliobofya ni 41. Najua kwa wengine ni kidogo, kwangu mimi niliyetoka kwenye sifuri ni watu 41. Kwenye daftari nina majina saba yenye neno Google pembeni.

Mmoja ni mama alinipigia akasema amesoma ule ukurasa wa uzi, akanyanyua mguu akapitisha upya kama nilivyosema, ikakubali. Nikamwambia nashukuru mama kwa kunipigia. Akaniambia hapana sijapiga kushukuru tu, nina vyerehani vinne nafundishia wasichana hapa nyumbani, havijawahi kufanyiwa sevisi, unakuja lini? Vyote vinne viko hapa karakana leo.

Yule wa chuo naye nimemwandikia, ameweka linki ya ukurasa wetu kwenye tovuti yao bila kuniomba chochote.

Sasa kitu ninachouliza. Kwenye Search Console kuna orodha ya maneno ambayo watu wameandika tukaonekana, nimekuta "cherehani inaruka mishono kwenye jinzi" imeonekana mara 60 lakini hakuna aliyebofya, nafasi ya wastani 28. Mimi nina ukurasa wa kuruka mishono lakini jinzi sijaitaja kabisa. Nitengeneze ukurasa mpya au niongeze kwenye ule ule?

dada_wa_maneno

Jamani nimefurahi mpaka nimesoma mara mbili. Kaka, jibu la jinzi ni tofauti na la kuruka mishono kwa kawaida?

fundi_mishono

Kwa sehemu kubwa ni sindano. Watu wanashona jinzi na sindano namba 11 au 14 waliyoshonea gauni, inapinda ikifika kwenye mkunjo mnene, ile ndoana ya chini inayodaka uzi inaukosa. Wanatakiwa waweke 16 ya jinzi, na kwenye ule mkunjo wazungushe gurudumu kwa mkono taratibu.

dada_wa_maneno

Basi hilo ni jibu linalojitegemea, lipe ukurasa wake. Kwenye ule wa zamani weka mstari mmoja, kama inaruka kwenye jinzi tu soma hapa, uwe linki. Na piga picha ya sindano hizo mbili zikiwa zimelala pamoja, karibu kabisa, namba zionekane.

fundi_mishono

Sindano ninazo hapa mezani. Nafunga saa 12, nauandika leo leo.